Kuganda Si Kupoza

Leo asubuhi nimetoka Kisondela, huku kwetu Rungwe, ukungu umelala juu ya migomba, barabara inateleza, akina mama wanapeleka maziwa huku madumu wameyafunika kwa majani ya mgomba yasiingie manyunyu. Machi yetu mnaijua. Sasa mtu akinisikia nasema nimekuja kuzungumzia barafu kwenye kiyoyozi, ataniuliza: kiyoyozi cha nini, na huku tunagombea nafasi jikoni tuote moto?

Naomba mnivumilie kidogo. Jambo hili limeanza na simu, na simu yenyewe ilitoka kwa mtoto wa Kisondela.

Juzi, yapata saa nne usiku, mpwa wangu alinipigia kutoka Dar es Salaam. Anakaa Tabata na mume wake na watoto wawili, na tangu Januari anaye pia mama yake, yaani dada yangu mkubwa, aliyekwenda huko kwa matibabu ya miguu. "Shikamoo mjomba." Marahaba mwanangu, kwema huko? "Kwema mjomba, ila kiyoyozi kimeganda." Kimegandaje? "Kimeganda barafu kabisa, kama ile ya kwenye friza la dukani. Asubuhi maji yanachuruzika ukutani, na chumba hakipoi. Fundi amekuja jioni, amesema gesi imeisha, kesho anarudi kujaza. Nikasema nikuulize kwanza."

Kuniuliza ilikuwa haki yake. Miaka yangu ya kazi, kabla sijarudi nyumbani kulima chai na kufuga, niliimaliza Dar es Salaam nikitengeneza friji na viyoyozi. Nikamuuliza swali moja: huyo fundi alifungua kifuniko? Akasema hapana, alisimama mlangoni, akatazama, akasema gesi. Nikamwambia: basi hajui. Na mimi pia sijui bado. Kizime, weka feni peke yake, tandika matambara chini, na kesho asubuhi tuongee.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilikuwa nalifikiria neno alilolitumia yule binti. Kuganda. Kwetu hapa neno hilo ni sifa. Nenda sokoni Tukuyu, simama mahali wanapouza friji za mtumba, utamsikia mnunuzi anauliza swali lile lile moja: inagandisha? Muuzaji anafungua mlango, anakwangua ukutani kwa kidole, anaonyesha ule weupe, na bei inapanda papo hapo. Friji yenye barafu nene tunaiita friji kali. Barafu, neno ambalo watu wa pwani walilitoa Uajemi, limefika mpaka huku kwetu likiwa na maana ya nguvu ya mashine. Na hapo ndipo tunapokosea, kwa friji na kwa kiyoyozi, na nitaonyesha kwamba tunakosea hivyo hivyo kwa maziwa yetu. Mashine ya kupozea ikijivika barafu mahali ambapo haikukusudiwa, mashine hiyo inaumwa. Wenye nyumba wanasema inapiga kazi, kumbe inakabwa.

Nieleze inavyokuwa, na nianze na hewa.

Hewa ya Dar es Salaam mwezi huu inaonekana safi, jua linawaka, huoni ukungu hata mmoja. Lakini chukua chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita tatu. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, ndani ya hewa ya chumba hicho kuna zaidi ya lita moja ya maji. Yananing'inia tu, huyaoni. Kila mita ya ujazo imebeba gramu 22 hivi za mvuke. Sasa rudi Kisondela, kwenye ukungu wa leo asubuhi, ambao ndani yake hata mwembe wa jirani huuoni. Katika nyuzi 15 hewa yetu, hata ikiwa imeshiba kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 kwa mita ya ujazo. Ukungu tunaouona ni yale machache yaliyozidi, yakageuka matone. Kwa hiyo anga nyeupe ya Dar, isiyo na wingu, ina maji mengi kuliko ukungu wetu. Jambo hili lilinishangaza siku nilipofundishwa, na bado linanishangaza.

Hayo maji ndiyo yaliyozaa kiyoyozi chenyewe. Mwaka 1902 kulikuwa na kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, ambacho karatasi zake zilikuwa zinavimba na kunywea kwa unyevu wa kiangazi, rangi zikawa hazikai mahali pake. Kijana mmoja mhandisi, Willis Carrier, akaombwa atafute dawa. Alichobuni ni kupitisha hewa juu ya mabomba baridi ili maji yatoke hewani, hewa irudi kavu. Ubaridi ulikuwa njia. Kazi aliyopewa ilikuwa kukausha. Mpaka leo kila kiyoyozi kinafanya kazi hizo mbili kwa pamoja, ndiyo maana kina lile bomba dogo la plastiki linalodondosha maji nje ya ukuta.

Ndani ya kile kipande cha ukutani kuna koili, yaani bomba la shaba lililopindwapindwa na kuvikwa mapezi membamba ya alumini. Gesi inaingia humo ikiwa majimaji, inachemka, na katika kuchemka inanyonya joto la chumba. Msishangae nikisema inachemka ilhali ni baridi. Gesi inayoitwa R22, ukiiacha wazi, inachemka kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndani ya bomba inazuiwa na mgandamizo ili ichemke juu ya sifuri, nyuzi tano, saba, hapo hapo. Katika nyuzi tano maji ya hewani yanakuwa jasho kwenye mapezi, yanateremka kwenye sinia, yanatoka nje. Kila kitu kiko sawa.

Koili ikishuka chini ya sifuri, lile jasho halidondoki tena. Linaganda palepale. Na barafu ni mpitishaji mbaya wa joto. Alumini inapitisha joto karibu mara 100 kuliko barafu. Ukiivika koili barafu, umeivika blanketi. Joto la chumba halifiki kwenye gesi, gesi inazidi kuwa baridi, barafu inazidi kunenepa, nafasi ya hewa kupita kati ya mapezi inaziba, hewa inapungua, koili inazidi kushuka. Inajizungusha hivyo mpaka asubuhi unakuta jiwe jeupe ukutani na chumba kinafuka joto. Mwenye nyumba anaona barafu na anahisi joto, anachanganyikiwa, anachukua rimoti anashusha mpaka 16. Hapo ndipo anapomaliza kabisa. Namba ya rimoti haiongezi ukali wa mashine. Kwa viyoyozi vya kawaida inaiambia tu lini isimame. Ukiweka 16 katika joto la Dar umeiambia isisimame kamwe, isipate hata dakika ya kuyeyusha.

Kuna hasara kubwa kuliko joto la usiku mmoja. Gesi isipopata joto la kutosha kuchemka, inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa imeundwa kukandamiza mvuke. Majimaji hayakandamiziki. Valvu zinavunjika, mafuta ya kulainishia yanaoshwa, na siku moja unasikia kishindo kule nje halafu kimya. Nimefungua kompresa za namna hiyo nyingi. Bei ya kompresa mpya inamfanya mtu mzima akae chini.

Sasa hapa Kisondela. Tangu nguzo za umeme wa vijijini zilipoanza kuingia huku, friji zimeingia kwenye maduka na kwenye nyumba, na kila moja ina barafu ya kukwangua. Naomba niseme jambo hili kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimelishuhudia mara nyingi mno: msiguse barafu ya friji kwa kisu. Wala bisibisi, wala kijiko. Ule ukuta wa ndani wa friza umeficha bomba la alumini jembamba kuliko kidole kidogo cha mtoto. Mama anataka nafasi aweke nyama, anachukua kisu cha jikoni, anachimba, anasikia "fsss", na friji imekufa. Alumini ikitoboka ndani ya ukuta haishiki kulehemu kirahisi, na mafundi wa huku wenye vifaa vyake ni wa kutafuta. Friji ya mtumba aliyoihangaikia msimu mzima wa chai inakuwa kabati la kuwekea nguo. Chomoa umeme jioni, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani ukiwa na haraka, lakini usimwage maji hayo ukutani. Asubuhi barafu yote imeshuka yenyewe. Barafu ikifikia unene wa kidole chako kidogo, ndiyo siku yake ya kuyeyushwa. Usingoje ijae.

Na ikiwa inajaa upesi, wiki mbili tu na friza limeziba, tazama mpira wa mlango. Chukua noti, ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea, na hewa yetu hii yenye ukungu inaingia humo usiku kucha kuacha maji yake.

Nilisema maziwa pia. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, na yanatakiwa yashuke mpaka nyuzi nne haraka iwezekanavyo, kwa sababu vijidudu vinavyoyachachusha vinapenda lile joto la mwanzo kuliko kitu kingine. Ndiyo kazi ya matangi ya kupozea kwenye vituo vya kukusanyia. Tangi lina mabomba ya gesi chini ya sakafu yake, na juu lina mkono unaozunguka polepole kukoroga. Ule mkono watu wanaudharau. Nilipigiwa simu mwaka mmoja na kituo kimoja katika wilaya hii, sitakitaja, wakasema tangi lao lina nguvu kupita kiasi, linagandisha maziwa. Nikaenda. Mota ya kukoroga ilikuwa imeungua siku mbili zilizopita, na waliona si jambo kubwa maadamu kompresa inanguruma. Chini ya tangi tulikuta barafu ya maziwa, nene kama tofali. Juu yake maziwa yalikuwa vuguvugu na yameshachacha. Katika tangi moja, kwa wakati mmoja, maziwa yale yale yaliganda kwa namna zote mbili ambazo Kiswahili kinaziita kuganda. Lita zote zikamwagwa. Akina mama waliokuwa wametembea na madumu tangu alfajiri walisimama pembeni wakitazama mfereji ukiwa mweupe.

Siisahau asubuhi ile. Mashine haikuwa na upungufu wowote wa gesi. Ilikosa kitu cha kuiletea joto. Maziwa ya juu yalikuwa na joto, mabomba ya chini yalikuwa na ubaridi, na hakuna aliyevikutanisha. Kwenye kiyoyozi, feni na chujio ndio mkono wa kukoroga. Hewa ya chumba isipofika kwenye koili, kwa sababu yoyote ile, barafu inafuata.

Ndiyo maana swali la kwanza ni hewa. Fungua kifuniko cha mbele, utakuta machujio ya wavu wa plastiki, wengine wanaita filta. Yanachomoka kwa mkono. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, yaoshe kila wiki mbili kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, yakauke kivulini, yarudishe. Angalia feni ya ndani. Ile inayofanana na ngoma ndefu hubeba uchafu katika visu vyake mpaka inazunguka bila kusukuma kitu. Angalia kama kabati au pazia halijasimama mbele ya mdomo wa kiyoyozi. Umeme ukiwa mdogo, kama mitaa mingi inavyopata saa za jioni, feni inazunguka kwa uvivu na matokeo ni yale yale. Haya yote mwenye nyumba anaweza kuyaona kwa macho yake bila kumlipa mtu.

Sababu ya pili ndiyo gesi, na hapa nataka twende taratibu, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ni kweli kwamba gesi ikipungua, mgandamizo kwenye koili unashuka, gesi inachemka kwenye ubaridi mkali zaidi, na barafu inatokea, mara nyingi ikianzia pale bomba jembamba linapoingia kwenye koili. Fundi wa Tabata hakusema uongo kwamba gesi inaweza kuwa sababu. Lakini gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiunguzwi, haitumiki ikaisha. Inazunguka humo humo, na mfumo ukiwa mzima inabaki humo miaka yote ya maisha ya mashine. Fundi akikwambia imeisha, muulize kwa adabu: imetokea wapi? Kama imepungua, kuna tundu. Huko pwani chumvi ya hewa ya bahari inakula shaba na alumini, na maungio yaliyokazwa vibaya siku ya kufunga yanavuja kidogo kidogo. Fundi mwenye kuijua kazi yake atapima kwa geji, atapaka povu la sabuni kwenye maungio, atalipata tundu, ataliziba, atavuta hewa yote kwa pampu, kisha atajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia gesi ya miezi mitatu.

Na hiyo iliyovuja inakwenda wapi? Inapanda juu, kwetu sote. R22 inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana mataifa yalianza kuziondoa gesi za aina yake kupitia Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Zilizokuja badala yake hazigusi ozoni, lakini zinashika joto la dunia. Kilo moja ya R410A, iliyo ndani ya viyoyozi vingi vya Dar es Salaam, inashika joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. R32, ambayo sasa ndiyo inakuja kwa wingi, ni mara 675, nayo inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi asije na sigara mdomoni. Makubaliano ya kupunguza gesi hizi yalifikiwa hapa hapa kwa jirani zetu, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016. Wakulima wa Rungwe, tunaoishi kwa mvua kuja wakati wake, tuna sababu ya kulijali jambo hilo kuliko hao wanaouza viyoyozi.

Kuna sababu ya tatu, na hii ni ya kwetu wenyewe, wengi wa Dar hawaijui. Tukuyu kuna ofisi chache zenye kiyoyozi kwa ajili ya chumba cha mitambo ya kompyuta, maana mitambo ile inatoa joto usiku na mchana. Niliitwa na ofisi moja mwezi wa Julai. Kiyoyozi kinaganda kila usiku, mchana kinapona. Walikuwa wamekwisha kujaziwa gesi mara mbili. Nikawaambia nitakuja usiku. Nilipofika, baridi ya Julai ilikuwa nje pale, ile ya kukuonyesha pumzi yako. Kipande cha nje cha kiyoyozi kimeundwa kutupa joto kwenye hewa ya joto. Ukikiweka kwenye baridi kama ile, na feni yake inazunguka kwa kasi yote, mgandamizo unashuka kule nje, unashuka na huku ndani, na koili inapita chini ya sifuri hata gesi ikiwa kamili. Hakukuwa na ugonjwa wowote. Kilitakiwa kifaa kidogo cha kupunguza mwendo wa feni ya nje baridi inapozidi. Au, kama ningesikilizwa, feni ya dirishani tu, iingize ule ubaridi wa Rungwe ambao Mungu ametupa bure. Kwa gesi waliyokuwa wameijaza mara mbili, ilipofika joto la Oktoba kompresa ililemewa ikafa. Niliiona inakuja, nikawaambia, na bado iliniuma ilipotokea.

Narudi kwa binti yetu wa Tabata. Asubuhi alinipigia mapema. Feni ilikuwa imezunguka usiku kucha, barafu imeyeyuka, matambara yamelowa chapachapa. Nikamwambia afungue kifuniko. Machujio masafi, aliyaosha mwenyewe wiki iliyopita. Mapezi ya koili yamenyooka, hayana vumbi. Kabati liko mbali. Umeme mzuri. Akakiwasha, akasubiri robo saa, nikamwambia aweke mkono mdomoni mwa kiyoyozi. "Kinapoa mjomba. Kinapoa vizuri kabisa." Hewa baridi namna hiyo haitoki kwenye kiyoyozi kilichoishiwa gesi.

Basi mchana kinafanya kazi, usiku kinaganda. Chumba hicho usiku analala nani?

"Mama," akasema.

Nikaomba nimpe salamu dada yangu. Shikamoo dada, miguu inaendeleaje? Tukaongea ya nyumbani kwanza, mvua, ndizi, ng'ombe wake ninaomtunzia ambaye amezaa jike. Kisha nikamuuliza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama ile mashine ya ukutani inamsumbua usiku. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia. Upepo wake unampiga kifuani na magotini. Hakutaka kuwasumbua watoto, wamempa chumba kizuri kuliko vyote, wamemwekea mashine kwa heshima. Kwa hiyo kila usiku wakishalala anasimama juu ya kitanda, na ile miguu yake inayouma, anakizungushia kitenge juu na mbele, anabana pembeni kwa vibanio vya nguo. Alfajiri anakitoa kabla hawajaamka. Kukizima hajui; ile rimoti ina maandishi madogo, na aliogopa kubonyeza akaharibu.

Mwanamke aliyekulia kwenye baridi ya Kisondela, akalala miaka yote karibu na moto wa jikoni, madirisha yamefungwa. Nani alimuuliza kama anataka upepo?

Yule fundi alipiga simu saa tatu kwamba yuko njiani na mtungi. Binti akamshukuru, akamlipa nauli ya jana, akamwambia asije. Tulikaa kwenye simu tukapanga. Mapezi ya mdomoni yatazame juu kabisa, hewa ipite darini, isimguse mtu kitandani. Kitanda kisogezwe upande wa pili. Namba iwekwe 27, na kile kitufe cha saa kiwekwe kizime chenyewe saa sita usiku, wakati hewa ya nje inakuwa imepungua joto. Na rimoti, mjukuu wake wa darasa la tano amekata kipande kidogo cha plasta nyekundu akakibandika juu ya kitufe cha kuzimia, akamfundisha bibi yake: ukisikia baridi, bonyeza hapa pekundu.

Jana usiku dada yangu alinipigia mwenyewe, kwa simu ya mjukuu. Akasema amekibonyeza, na kimezima.